Flashi ya chini ya maji inakataa kuwaka: uanze kutafuta wapi?

Kule Kolwezi, hata mtoto akiona jiwe la kijani anajua: apa kuko shaba. Lakini rangi ileile ikionekana ndani ya flashi ya kamera, si habari njema. Ni shaba inayoliwa na maji, na mara nyingi njo sababu flashi inakataa.

Wapiga foto wa ndoa wanaijua shida hiyo. Kwa anayezama na kamera, tuseme kufuata samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yanafika hadi mto Lualaba kwa njia ya Lukuga, hasara ni kubwa zaidi. Maji yanameza rangi nyekundu kwanza. Ukishuka mita chache tu, samaki mwekundu anaonekana wa kijivu. Bila flashi, foto inatoka bluu tupu, na hewa ya chupa inaisha bure.

Basi utafute wapi? Flashi nyingi ziko na kitufe cha kujaribu. Ukifinya ikawaka, flashi ni nzima: shida iko kwenye waya au kwenye kamera. Ikikataa, anza na pile. Weka zote mpya au zilizojazwa pamoja, za aina moja. Pile moja dhaifu inatosha kuangusha zingine.

Kama flashi ni nzima, angalia njia ya amri. Kwa waya wa umeme, fungua vichwa vyake ukiwa nchi kavu. Ukiona kijani, pangusa kwa pamba yenye siki kidogo, kisha kausha kabisa. Kwa uzi unaopitisha mwanga, hakikisha flashi ndogo ya kamera imewashwa na uzi umekaa sawasawa.

Wakati mwingine flashi inawaka lakini foto inatoka giza. Kamera nyingi zinatoa mwanga mdogo wa kupima kabla ya foto yenyewe, na flashi inaufuata huo, inawahi. Rekebisha kamera na flashi zipatane. Tena, usifinye haraka haraka: baada ya mwanga mkubwa, ngoja taa ya utayari irudi.

Maji yanaingia wapi? Mara nyingi kwenye mpira mwembamba wa kifuniko. Unywele mmoja au chembe ya mchanga inatosha. Ukague kila mara kabla ya kufunga.

Na hapa kuko hatari. Flashi inahifadhi umeme wa volti mamia, hata ikizimwa. Usifungue tumbo lake. Mpelekee fundi anayeijua kazi hiyo. Maji yakiingia kwenye pile, gesi inaweza kujaa na kurusha kifuniko kwa nguvu. Unapokifungua, kielekeze mbali na uso wako na wa wenzako.

Foto iliyopotea itapigwa tena. Jicho halina la akiba.