TIRZA: JINA LA BINTI ALIYEDAI ARDHI

Kina Esta, Mariamu na Rebeka ni wengi vijijini mwetu. Lakini ukiita "Tirza!" njiani, ni nadra mtu kuitika. Hivi jina hili maana yake nini?

Maana yake
Tirza ni jina la Kiebrania, lugha ya Waisraeli. Limetokana na neno lenye maana ya kupendezwa na kitu. Kumwita mtoto Tirza ni kama kusema, "Huyu anatupendeza." Zamani palikuwa pia na mji wa Tirza. Wafalme wa Israeli walikaa huko kabla mfalme Omri hajajenga Samaria.

Tirza alikuwa nani?
Habari zake zimo katika Biblia, kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Mzee Selofehadi alifariki bila mtoto wa kiume. Aliacha mabinti watano, na Tirza ni mmoja wao. Kwa desturi, ardhi ilirithiwa na wana wa kiume. Mabinti hawa hawakukaa kimya. Walikwenda mbele ya Musa na wakuu wote, wakadai sehemu ya baba yao. Musa akamwuliza Mungu. Jibu likawa kwamba wanasema haki, wapewe. Ikawa sheria: mtu asiyeacha mwana, binti zake watamrithi. Baadaye likaongezwa sharti: waolewe katika kabila lao, ili ardhi isihamie kabila lingine.

Nani walilipenda?
Uingereza huliandika Thirza. Mwaka 1758 Salomon Gessner wa Uswisi alitoa kitabu juu ya kifo cha Abeli. Humo mke wa Abeli anaitwa Thirza. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kiingereza, kikasomwa sana, na jina likapendwa. Baadaye likafifia. Leo ni adimu.

Basi, ukimpa binti yako jina hili, msimulie habari yake. Mwambie pia kuwa hapa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Jina zuri peke yake halilimwi. Shamba ndilo hulimwa.

Tujadiliane
1. Mabinti wa Selofehadi walidai nini, na mbele ya nani?
2. Kijijini kwetu, baba akifariki, binti hupata nini?