Kijiko cha Mlonge Hakigeuzi Granola

Imekuwa ada, kila nimalizapo kuzungumza juu ya lishe na watu wa Kasubi, baina ya Barabara ya Hoima na kile kilima walikozikwa Makabaka wanne wa Buganda, kuinuka mtu mmoja, aghalabu msomi mwenye kazi yake mjini, akaniuliza kwa adabu zote: “Daktari, katika granola yangu nitie vijiko vingapi vya mlonge ili nipate protini ya kutosha?” Swali hili nimelijibu kwa upole, kisha kwa mzaha, kisha kwa ukali kidogo, na maadamu halijakoma naliandikia jawabu ili anayetaka kuliuliza tena aone haya kidogo kabla ya kusimama. Tia kimoja, tia viwili, usitie kabisa. Kwa upande wa protini ni mamoja.

Itikadi hii asili yake ni kauli moja ambayo wauzaji, kutoka Kampala hadi Dar es Salaam, huibandika juu ya kopo la unga wa mlonge, ambao hapa kwetu wengi huuita moringa: kwamba una protini mara 9 ya mtindi. Kauli hiyo si uongo mtupu, na hapo ndipo ilipo hila yake, kwa kuwa uongo mtupu hukamatwa upesi ilhali kweli iliyopimwa kwa mizani mbovu huweza kuzunguka nchi nzima pasiwe na wa kuihoji. Gramu 100 za majani makavu ya mlonge yaliyosagwa zina protini ya gramu 25 hivi, pengine zaidi kidogo, na gramu 100 za mtindi zina gramu 3 au 4. Hesabu, basi, haiko mbali na hiyo inayotangazwa. Lakini mtindi, katika kila sehemu 100, karibu sehemu 88 ni maji, na mlonge huo umekwisha kuanikwa hata maji yake yote yakatoka, kwa hiyo aliyevilinganisha hakulinganisha chakula na chakula, bali kikavu na kibichi. Yakaushe maziwa nayo, kama haki inavyotaka, uone: unga wa maziwa yasiyoondolewa mafuta una protini ya gramu 26 hivi katika 100, na ule wa maziwa yaliyoondolewa mafuta hufika 35. Sasa hizo mara 9 zimekwenda wapi?

Wala mlonge hauna fadhila ya peke yake katika jamaa ya majani. Mchicha, hiyo doodo inayouzwa kwa fungu katika soko la Kasubi na kunyunyiziwa maji mchana kutwa isinyauke, ukiuanika na kuusaga utakupa unga wenye protini ya kiasi hicho hicho, na kisamvu kadhalika, ila hakuna mfanyabiashara aliyeona faida ya kuitia doodo katika kopo lenye kifuniko cha dhahabu. Fauka ya hayo, protini ya majani imefungamana na nyuzinyuzi, na tumbo la binadamu, ambalo si tumbo la ng'ombe, haliwezi kuitoa yote kama liitoavyo ya yai au ya maziwa.

Tuje kwenye kijiko chenyewe, maana hakuna mtu alaye gramu 100 za mlonge. Kijiko kikubwa kilichojaa hubeba gramu 7 au 8 za unga huo, na ndani yake mna protini ya gramu 2. Kikitiwa katika sinia ya granola itakayogawanywa mabakuli kumi, kila bakuli hupata sehemu mbili za kumi za gramu moja. Yai moja lina gramu 6. Atakaye kulifikia yai hilo kwa mlonge hana budi kula vijiko vitatu vikubwa vya unga mchungu katika bakuli lake peke yake, na nimewaona waliojaribu, nyuso zimekunjamana, wakinihakikishia kwamba wamekwisha kuzoea.

Mlonge wenyewe sina ugomvi nao. Ni mboga njema, yenye chokaa na vitamini, na Wahindi hupika maganda yake machanga katika mchuzi mtamu ambao siukatai nikikaribishwa. Ugomvi wangu ni na idhini ambayo kijiko kile humpa mtu. Kwani yule yule aliyenyunyiza mlonge kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili humimina asali kikombe kizima, akiamini kwamba asali si sukari kwa sababu imetoka kwa nyuki. Katika gramu 100 za asali, gramu 80 hivi ni sukari, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, limeihesabu pamoja na sukari ya dukani: isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima, na ikipungua hata nusu yake ni bora zaidi. Kijiko kikubwa cha asali peke yake hukaribia gramu 17. Bakuli la namna hiyo ni halua iliyovaa kanzu ya dawa.

Yafaa pia kukumbushana kwamba mji huu umewahi kulipa neno protini uzito mkubwa mno. Ni hapa Kampala, katika hospitali ya Mulago, ambapo madaktari Trowell, Davies na Dean waliuchunguza ugonjwa wa kwashakoo na kutoa kitabu chao mwaka 1954, na dunia ikashikwa na wazo kwamba upungufu wa protini ndio mama wa utapiamlo wote, hata mwaka 1974 mtaalamu wa lishe Donald McLaren akaandika katika jarida la Lancet kwamba jambo zima lilikuwa balaa la kujitakia. Akina mama wa Kampala walikwisha kufundishwa lililo na maana zaidi, nalo ni kitobero: kuchanganya ndizi au nafaka na maharage, karanga, dagaa wa mukene au maziwa, kila kimoja kikiziba upungufu wa mwenziwe. Kanuni ya granola njema ni hiyo hiyo.

Ama kwa anayenunua, na ageuze pakiti asome nyuma. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake namba 1924 ya mwaka 2006, hauruhusu chakula kuitwa chenye protini nyingi ila iwapo angalau moja ya tano ya nishati yake imetokana na protini. Basi zidisha gramu za protini kwa 4, ugawanye kwa kilokalori. Pakiti yenye gramu 10 na kilokalori 450 haifiki hata moja ya kumi. Ukiona sukari, asali au sharubati yoyote miongoni mwa vitu viwili vya mwanzo, irudishe rafuni.

Anayetengeneza nyumbani achukue oti gramu 200, soya iliyokwisha kukaangwa na kupasuliwa gramu 100, karanga gramu 100, mbegu za maboga 50, simsim 50, ute wa mayai mawili wa kushikanisha, mafuta vijiko viwili, na asali vijiko vitatu kwa sinia nzima. Soya usiiache, kwa kuwa oti, karanga na simsim zote zina uhaba wa laisini, nayo soya inayo tele. Wala usiitie mbichi, maana ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Tanuri nyuzi 150, nusu saa, ukigeuza mara moja. Kwa jiko la makaa, sufuria nzito na moto uliofunikwa jivu, mkono usitoke kwenye mwiko. Karanga zinunue nzima, si za kusagwa, uzimwage juu ya ungo na kutupa kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, kwani sumu ya ukungu ule haimalizwi na moto, na kinu huficha yote. Zabibu kavu, ukizipenda, zitie baada ya granola kupoa.

Hata hiyo, kwa mizani ya Ulaya, haistahiki sifa ya protini nyingi, kwa sababu karanga na mbegu zimejaa mafuta: gramu 50 za granola hii hutoa protini ya gramu 10 hivi. Mtindi usiotiwa sukari, kikombe kimoja, huongeza 7, na yai la kuchemsha 6, ukatoka nyumbani na gramu 23, karibu nusu ya mahitaji ya siku ya mtu wa kilo 60. Granola ikae katika chombo kikavu kilichofungwa, wiki mbili, isizidi. Mtoto asiyetimiza mwaka asionjeshwe asali hata kidogo, na walio chini ya miaka mitano wasagiwe karanga zao, zisije zikawakaba.