Mzee wa Alhamisi anayeshuka Kemondo



Gari la parokia yetu lilipoharibika injini mwezi wa pili, fundi aliniambia wiki mbili. Mwezi wa tano nilikuwa bado nasafiri kwa mchomoko. Wasomaji wa mbali na Kagera wanisamehe kwa neno hilo. Mchomoko ni gari dogo la abiria, aghalabu lililotengenezwa ili libebe baba, mama na watoto watatu, ambalo huku kwetu haliondoki stendi mpaka waingie watu wanane, na mara nyingine jogoo.

Kila Alhamisi nina kazi Bukoba mjini. Napanda upande wa Muleba asubuhi, tunapita Muhutwe, tunashusha na kupakia Kemondo, kisha Kyetema, halafu mjini. Ziwa Victoria liko upande wa kulia, linaonekana na kupotea nyuma ya migomba. Ni safari nzuri kwa anayeitazama. Mimi kwa wiki nyingi sikuitazama.

Kwanza, nilikuwa nakaa mbele. Dereva mmoja aliniambia wazi, "Padre, wewe ukikaa mbele trafiki wanapunguza maswali." Nilicheka, nikakaa. Sikujiuliza ni nani aliyehamishwa ili nipate kiti hicho. Pili, nilikuwa na simu, na ndani ya simu nina programu ya Sala ya Kanisa. Nikiinamia simu, abiria wananyamaza kwa heshima: padre anasali. Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba Masifu ya asubuhi nilikuwa nimekwisha kuyasali nyumbani. Nilikuwa nasoma habari za mpira.

Padre mwenzangu aliyewahi kusoma Manila, Ufilipino, alinisimulia juu ya magari ya abiria ya kule yanayoitwa jeepney, ambayo asili yake ni magari ya jeshi la Marekani yaliyoachwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Abiria wanakaa kwa kutazamana, na anayekaa mwisho hutoa nauli yake ikapita mkono kwa mkono hadi kwa dereva, na chenji inarudi kwa njia ileile. Hakuna anayemjua mwenzake, lakini fedha haipotei. Nilimjibu kwamba hata kwenye Haisi zetu nauli hupita hivyo ikimfuata konda. Akaniuliza, "Na maneno je, yanapita?" Sikumjibu.

Alhamisi moja nilikuta kiti cha mbele kimekaliwa na mama mwenye mtoto mgonjwa. Nikabanwa nyuma, dirishani, bega kwa bega na mzee mmoja ambaye nilikuwa nimemwona mara nyingi bila kumtazama. Mzee mwembamba, koti la kijivu, kofia mkononi. Nilijua jambo moja tu juu yake: anashuka Kemondo. Ndipo nikatambua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akihamishwa kutoka kiti cha mbele kila nilipofika mimi. Hakuwa amelalamika hata siku moja. Alikuwa akisema tu, "Padre akae," na kukunja miguu yake nyuma.

Nilikumbuka Filipo. Katika Matendo ya Mitume (Mdo 8:26-40) malaika wa Bwana anamtuma kwenye barabara ya Gaza, na barabarani linapita gari la Mwethiopia, mtu mkubwa katika hazina ya malkia wake, anayesoma kitabu cha nabii Isaya. Filipo anaambiwa alisogelee gari lile. Haanzi kwa kuhubiri. Anaanza kwa swali: je, unayaelewa hayo unayosoma? Nimefundisha sura hiyo mara nyingi, na kila mara nilikimbilia ubatizo ulio mwishoni. Sikuwahi kukaa vya kutosha kwenye kile kipande cha njia ambapo wawili wasiojuana wamekaa kiti kimoja, mmoja akiwa amealikwa apande.

Basi nikaweka simu mfukoni. Nikamsalimia. Nikamuuliza, "Mzee wangu, kila Alhamisi unashukia Kemondo. Una biashara huko?"

Akasema, "Hapana, Padre. Nakwenda kuangalia maji."

Tukafika njia panda, akashuka.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda kukaa nyuma kwa hiari yangu. Dereva alikasirika kidogo. Mzee akanitolea kahawa ya kutafuna kutoka kwenye kikaratasi, punje tatu, kama tunavyofanya sisi Wahaya tukimkaribisha mtu. Kati ya Muhutwe na Kemondo akanisimulia habari za mtu mmoja. Alisema hivyo, "kuna mtu mmoja." Mtu huyo, mwaka 1996, alimpakia mke wake kwenye baiskeli, sanduku mbele na mke nyuma, akamfikisha bandarini Kemondo. Mke alikuwa anakwenda Mwanza kumuuguza dada yake. Meli ya MV Bukoba ilikuwa imetoka Bukoba jioni hiyo ya Jumatatu, Mei 20, na ilipotia nanga Kemondo ilikuwa imekwisha kujaa. Watu walikuwa wanasukumana, wengine wanaambiwa warudi. Mtu huyo akambembeleza jamaa mmoja anayemfahamu, akamsihi kwa jina la Mungu, mpaka mke wake akapata nafasi.

"Akapata nafasi," mzee akarudia. Kisha gari likasimama.

Walio na umri wangu wanaijua asubuhi iliyofuata. Mei 21, 1996 meli ile ilipinduka na kuzama ikiwa karibu kufika Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430, na waliokuwamo walikuwa wengi zaidi. Idadi ya waliokufa inatajwa kwa tarakimu zinazotofautiana mpaka leo, kwa kuwa majina ya wote waliopanda hayakuandikwa popote. Ila zote ni mamia. Mimi nilikuwa mseminari, nasoma teolojia, na wenzangu wa Kagera tulikaa kando ya redio tukisubiri majina. Wengi waliopatikana walizikwa Igoma, Mwanza. Wengine hawakupatikana.

Wiki nzima nilitembea na hadithi ya "mtu mmoja". Na nikarudi kwa yule Mwethiopia. Alikuwa amefika mahali nabii anapoeleza habari za mtu anayepelekwa kuuawa kama kondoo, bila kufungua kinywa, naye akamuuliza Filipo swali ambalo mimi nilikuwa nalipita haraka: nabii anasema haya juu ya nani, juu yake mwenyewe au juu ya mtu mwingine? Fikiria, msomaji, ni mara ngapi kazini kwako, kwenye daladala, kwenye benchi la kahawa, mtu amekuambia habari za jirani yake, za rafiki yake, za mtu fulani, nawe ukasema "pole yake" na kuendelea na safari.

Alhamisi ya tatu niliuliza, "Mzee wangu, yule mtu wa baiskeli ni wewe?"

Alinyamaza mpaka tukaiona njia panda. Akasema, "Padre, una haraka mjini?"

Nilikuwa nayo. Nilikuwa na kikao, na watu wananisubiri. Nikashuka naye.

Haya hakuniambia katika kitubio. Kama ingekuwa hivyo, usingeyasoma hapa. Amenipa ruhusa kuandika, ila jina hapana. Tulikaa mwaloni, kwenye benchi la mama mmoja anayekaanga samaki. Vijana walikuwa wanavuta mtumbwi, wengine wamelala kivulini. Kemondo asubuhi ina kazi nyingi na uvivu mwingi kwa pamoja. Watu huenda pale kutafuta mzigo, na wengine kupumzisha macho tu.

Mwili wa mke wake haukuonekana. Alisafiri kwa barabara, akafika Mwanza siku ya Alhamisi, akaambiwa asubiri. Ndiyo maana ya Alhamisi zake. Hana kaburi la kupalilia, basi anakwenda mahali alipomwona mara ya mwisho. Lakini hilo, alisema, si ndilo linalomsumbua.

"Usiku ule niliporudi nyumbani na baiskeli tupu," alisema, "nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwamba mke wangu amepata nafasi. Nilishukuru sana, Padre. Tangu hapo naogopa kushukuru."

Akanieleza kwamba haachi Misa. Lakini padre anapowaalika watu wamshukuru Bwana Mungu, na watu wanajibu kwamba ni vema na haki, yeye hujibu kwa midomo kufungwa. Tangu 1996. Waliokwenda kumfariji wakati ule walimwambia ni mpango wa Mungu. Naye akawaza kimyakimya: kama ni mpango wake, basi nafasi ile niliyoiomba kwa jina lake, aliitoa akijua.

Nimesoma seminari miaka mingi. Kuna majibu ya swali hilo, nami nayajua, mengine kwa Kilatini. Asubuhi ile hakuna hata moja lililoshuka kutoka kichwani mpaka mdomoni, na leo nashukuru halikushuka. Sisi wahubiri tuna ugonjwa wa kuwahi kumtetea Mungu, kana kwamba yuko kizimbani na sisi ndio mawakili wake. Zaburi hazina ugonjwa huo. Sehemu kubwa ya Zaburi ni malalamiko, na mojawapo, ile ya 88, inaishia gizani kabisa bila neno la kufuta machozi. Kanisa halikuiondoa. Linatupa tuisali usiku, kila Ijumaa, hata wale tusio na la kulalamikia.

Nilichoweza kumwambia ni kidogo. Nilimwambia kwamba hakumuua mke wake. Akasema anajua. Nilimwambia kwamba kuomba nafasi kwa ajili ya mtu unayempenda si dhambi. Akasema hilo pia anajua, asingekuwa amekaa miaka yote hii bila kuungama kama lingekuwa dhambi. "Dhambi ningeileta kwako," alisema. "Hii sijui niipeleke wapi."

Samaki akaja, sato mzima, na ndizi za kuchoma. Tulinawa. Kwa desturi yangu hapo ndipo ninapoinua mkono kubariki chakula, na mkono ukagoma. Nilifikiri, nitasemaje "tunakushukuru" mbele ya mtu huyu, sasa hivi, baada ya niliyoyasikia? Nikashika tonge kimyakimya.

Mzee akanitazama. "Padre, leo hubariki?"

Nikamwambia sikutaka kumlazimisha.

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Mimi ndiye niliyeacha. Wewe ukiacha pia, zamu atashika nani?"

Nimeitafakari sentensi hiyo kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Ekaristi, kwa Kigiriki, maana yake ni shukrani, na sala zake karibu zote zinasema "sisi". Nilikuwa nadhani wingi huo ni adabu ya lugha tu. Sikuwa nimefikiri kwamba katika benchi la nne kuna mtu asiyeweza, na kwamba anayejibu pembeni yake anajibu kwa wawili.

Nikabariki, kwa maneno machache. Mzee hakuitika amina. Alitazama maji, akanisogezea upande wa samaki wenye nyama nyingi, tukala.

Gari la parokia limepona sasa. Mara mbili nimemkuta kituoni nikasimama kumbeba, mara zote amekataa; anasema gari langu halina watu. Kwa hiyo baadhi ya Alhamisi naliacha nyumbani na kubanwa naye nyuma, na kazi ya mjini inachelewa.

Kabla ya Mei 21 alinijia sakristia na bahasha ndogo, akaomba Misa kwa ajili ya mke wake, mara ya kwanza kwa jina lake. Niliandika kwenye daftari la nia za Misa. Akainama kuhakikisha nimeandika sawasawa.

"Ya marehemu," alisema. "Usiandike ya shukrani."