USO UONEKANE: MWANGA WA BURE KWA PICHA ZA NYUMBANI

Uganda ilipopeleka majeshi yake Somalia mnamo Machi 2007, familia nyingi za askari zilijifunza maana ya kukaa miezi mingi baba au mama akiwa mbali. Polisi naye huhamishwa kutoka kituo hiki hadi kile, na mara nyingi watoto hubaki nyuma kwa ajili ya masomo. Katika maisha ya namna hiyo picha si pambo la ukutani tu. Mtoto aliyeachwa angali mchanga huijua sura ya baba yake kwa picha, na baba huyaona meno ya kwanza ya mwanawe kwa picha. Kwa hiyo picha ambayo uso wake umekuwa doa jeusi haikufanya kazi yake, hata kama nguo zilikuwa mpya na ua lilifagiliwa vizuri.

Siku hizi simu zenye kamera zimeingia katika nyumba nyingi. Lakini kamera yoyote, iwe ya bei kubwa au ndogo, haioni kitu pasipo mwanga. Faraja yetu ni kwamba mwanga ulio bora hauuzwi dukani. Kanuni ya kushika ni moja: tafuta mwanga kwanza, ndipo umweke mtu.

Jua la asubuhi na la jioni

Nchi yetu hukatwa na Ikweta, kama waonavyo wasafiri wapitao Kayabwe katika barabara ya Kampala kwenda Masaka. Kwa sababu hiyo jua huchomoza karibu na saa 1 asubuhi na kuchwa karibu na saa 1 jioni, mwaka mzima bila tofauti kubwa. Katika saa ile ya kwanza na ile ya mwisho jua huwa chini, mwanga wake hufika mpaka machoni, na ngozi hupata rangi ya dhahabu. Mtu asilikabili jua akakunja uso. Alipe shavu moja. Wala usichelewe, kwani jua likizama, baada ya dakika 20 hivi giza limekwisha kuingia.

Jua la mchana na kivuli cha baraza

Karibu na saa 7 mchana jua huwa juu kabisa, na katika Machi na Septemba husimama utosini. Hapo paji la uso hung'aa, macho hupotea gizani, na kofia ya askari huficha nusu ya uso wake. Nayo ndiyo saa ambayo picha nyingi za harusi na za kuhitimu mafunzo hupigwa!

Usishindane na jua hilo. Wahamishie watu barazani au upande wa nyumba wenye kivuli, nao watazame nje penye anga. Epuka kivuli cha mti wenye majani machache, kwa maana kitawatia madoa meupe usoni. Kwa mwenye kamera ya filamu, kipimo ni hiki: filamu ya namba 100, jua kali, tundu la 16 na kasi ya 1/125 ya sekunde, kivulini afungue tundu hadi 5.6, kwani mwanga umepungua kama mara 8.

Siku ya mawingu isidharauliwe. Wingu huutandaza mwanga wa jua, na nyuso za watu wote, mrefu na mfupi, huonekana sawasawa.

Mlangoni na dirishani

Mtoto akae hatua moja ndani ya mlango ulio wazi, nawe simama upande wa nje au ubavuni. Ukimpiga picha kutoka ndani huku nyuma yake pameng'aa, uso utakuwa mweusi. Kamera hupima mwanga wa mahali pote, na ukuta mweupe au anga huidanganya. Jambo hili huzidhuru zaidi ngozi zetu nyeusi. Katika simu nyingi, gusa uso kwenye kioo ili kipimo kichukuliwe hapo. Dirisha likiwa na jua kali, tundika shuka jeupe jepesi. Zima taa ya umeme, maana rangi mbili za mwanga huupaka uso rangi mbili. Tena piga magoti ulingane na macho ya mtoto: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Taa za usiku

Taa ya chemli, mshumaa na taa ya sola zote zafaa, mradi ziwe karibu. Taa ikiwa mita 2 kutoka usoni, mwanga unaofika ni robo tu ya ule wa mita 1. Iweke ubavuni, juu kidogo ya macho, wala si chini ya kidevu. Kwa kuwa kamera huchukua muda mrefu penye mwanga hafifu, egemeza mkono mezani na mwambie mtoto atulie. Moto usikaribie pazia wala nguo.

Tahadhari ya kambini

Kabla ya kupiga, tazama kilicho nyuma ya mtu. Silaha, ghala, magari ya kikosi na lango la kambi visionekane. Ukuta mtupu au kanga iliyotundikwa yatosha.

Fanya zoezi hili Jumapili: mzungushe mtoto polepole karibu na dirisha, ukitazama macho yake. Yatakapong'aa, msimamishe hapo na upige. Kisha picha ichapishwe, na nyuma yake uandike kwa kalamu jina, tarehe na umri. Simu huvunjika na huibwa. Ile ya karatasi baba ataiweka mfukoni.