Umealikwa Mgahawa wa Juu ya Paa? Mwenye Aleji Aulize Kabla ya Kula

Kiangazi kikiingia London, watu hupanda juu. Wengine huenda Sky Garden, iliyofunguliwa Januari 2015 juu kabisa ya jengo la 20 Fenchurch Street, wengine kwenye migahawa iliyotandikwa meza juu ya mapaa ya hoteli na maduka. Nasi pia tunaalikwa huko: mwenzetu kahitimu, bosi anaaga wafanyakazi, kijana katimiza miaka 18. Mara nyingi chakula ni cha Kihispania, kile kiitwacho tapas, yaani visahani vidogo vingi katikati ya meza na kila mtu anachota.

Kwa wengi wetu hiyo ni raha tupu. Lakini kama wewe, mkeo, mumeo au mwanao ana aleji ya chakula (wengine huita mzio), hapo ni mahali pa kuwa macho. Jina la chakula halikwambii kilichomo, kijiko kimoja kinazunguka visahani vyote, na wewe unaona aibu kuuliza mbele ya watu. Makala hii inahusu hasa hiyo aibu, maana inaweza kuua.

ALEJI NI NINI?

Ni pale kinga ya mwili inapokiona chakula cha kawaida kama adui na kukishambulia. Dalili huanza ndani ya dakika chache, au hata saa moja au mbili baada ya kula: kuwashwa, vipele, midomo au macho kuvimba, kutapika. Ikiwa kali, ulimi na koo huvimba, pumzi hubana, mtu huona kizunguzungu na kuzimia. Usichanganye na tumbo kujaa gesi ukinywa maziwa. Hilo linakera, lakini haliui.

Wako wanaosema, "Mimi nimekula kamba tangu utotoni Tanga, aleji nitaitoa wapi?" Aleji ya kamba na kaa mara nyingi huanza ukubwani. Kama safari hii midomo imewasha au imevimba, usijaribu tena kuhakikisha. Nenda kwa GP wako umweleze ulikula nini na ilichukua muda gani. Ukihitaji mkalimani, omba unapochukua miadi. Huduma hiyo NHS haikutozi.

SHERIA INASEMA NINI?

Tangu Desemba 2014, kila mgahawa Uingereza lazima uweze kumweleza mteja kama chakula kina kimojawapo cha vitu 14. Navyo ni hivi:

1. Nafaka zenye gluteni: ngano, shayiri, rai na oti
2. Kamba, kaa na jamii yake
3. Chaza, kome, ngisi na pweza
4. Samaki
5. Mayai
6. Maziwa
7. Karanga (Wakenya husema njugu)
8. Korosho, lozi na kokwa nyingine za mitini
9. Ufuta, au simsim
10. Soya
11. Haradali
12. Selari
13. Lupini, aina ya kunde ambayo unga wake hutiwa kwenye mikate
14. Salfaiti, zinazohifadhi mvinyo na matunda makavu

Angalia mambo mawili. Kwanza, nazi haimo. Kama nazi ndiyo inayokudhuru, itaje kwa jina lake, usitegemee orodha. Pili, orodha hii haihusu halali na haramu. Chorizo ni soseji ya nguruwe, na mvinyo hutiwa kwenye michuzi mingi ya Kihispania. Hayo uliza kando.

Sheria inaruhusu mgahawa kukueleza kwa mdomo tu, mradi kuwe na maandishi yanayokuelekeza wa kumuuliza. Sheria iliyoitwa kwa jina la Natasha, msichana aliyefariki 2016 baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta usioandikwa, ilianza Oktoba 2021. Lakini hiyo ni ya vyakula vinavyofungashwa palepale dukani kabla mteja hajaagiza. Sahani ya mezani haimo. Machi 2025 mamlaka ya viwango vya chakula, FSA, ilihimiza migahawa iandike habari hizo na pia izungumze na mteja. Huo ni mwongozo, si amri.

KWA NINI USITOSHEKE NA MENYU

Aprili 2017 kijana Owen Carey alikula mgahawani hapa London akisherehekea kutimiza miaka 18. Alikuwa na aleji ya maziwa, na aliwaambia wahudumu. Aliagiza kuku wa kuchoma. Menyu haikusema kuwa kuku yule amelowekwa kwenye maziwa ya mtindi. Muda si mrefu alianguka karibu na London Eye, akafariki. Uchunguzi wa mahakama mwaka 2019 ulieleza hayo yote. Basi usiseme tu "nina aleji". Uliza chakula kimelowekwa na nini, kimekaangwa wapi, mchuzi una nini.

Chukua mfano wa tapas. Mchuzi wa romesco huwa na lozi au kokwa nyingine. Supu baridi ya gazpacho mara nyingi hutiwa mkate. Aioli huwa na mayai. Viazi visivyo na kosa vinaweza kuwa vimekaangwa kwenye mafuta yaliyokaanga ngisi.

UFANYE NINI?

Kabla ya siku: Piga simu mgahawani saa ambazo hawana wateja wengi, utaje aleji yako. Kama Kiingereza kinakusumbua, mtu akuandikie kikaratasi chenye majina ya vyakula vinavyokudhuru, umpe mhudumu akipeleke jikoni.

Mezani: Omba sahani yako peke yako, isiguswe na vijiko vya wengine. Mhudumu akijibu "nadhani hamna", mwombe akamuulize mpishi. Asipokuwa na jibu la hakika, usile hata kidogo. Kwetu tumelelewa kwamba mgeni hakatai chakula cha mwenyeji. Basi mwambie mwenyeji wako mapema, faragha. Atakushukuru kuliko kukusindikiza hospitali.

Sindano: Kama daktari amekuandikia sindano ya adrenalini, kama EpiPen au Jext, beba mbili kila wakati na tazama tarehe ya kuisha. Ukikabidhi koti mlangoni, sindano zibaki nawe, na mmoja wa mezani ajue zilipo.

HATARI IKITOKEA

1. Mgonjwa alale chali, miguu iinuliwe. Akihema kwa shida anaweza kukaa. Asisimame wala asitembee.
2. Mchome sindano upande wa nje wa paja. Inapita hata juu ya suruali.
3. Piga 999, sema "anaphylaxis". Ni neno la kuwajulisha kuwa ni aleji ya kuua. Taja jengo na ghorofa.
4. Baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu, mchome ya pili.
5. Hata akisema amepona, aende hospitali. Dalili huweza kurudi.

Huko juu ya paa kuna kosa moja rahisi kulifanya: kumwinua mgonjwa na kumkokota hadi kwenye lifti ili "akutane na ambulensi". Msifanye hivyo. Kusimama ghafla huweza kushusha damu hadi moyo usimame. Mwacheni alale pale pale. Mtu mzima mmoja ashuke chini na mfanyakazi wa mgahawa, washikilie lifti na kuwaongoza wahudumu wa ambulensi juu.

Ndugu msomaji, wenyeji wa hapa huuliza mhudumu maswali kumi kabla ya kuagiza, na hakuna anayewashangaa. Nawe una haki hiyo hiyo. Mgahawa usipokupa majibu, ondoka, na unaweza kuwaripoti kwa halmashauri ya mtaa huo. Waelezeni na watoto, maana wao ndio hualikwa bila sisi. Kuuliza si ujinga, na tahadhari kabla ya athari.

Kuleni kwa amani.