Mapipa Yaliyopita Kimara

Sisi wa Kimara tumezoea malori ya Zambia. Yanapanda Barabara ya Morogoro usiku na mchana, nasi kazi yetu ni kuyalaumu kwa foleni. Wachache tunakumbuka kwamba kuna miaka yalibeba mzigo wa uamuzi uliofanywa London.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith, kiongozi wa walowezi, aliitangazia Rhodesia, koloni la Uingereza (Zimbabwe ya leo), uhuru wa walowezi wachache juu ya Waafrika walio wengi. Kabla hajatangaza, waziri mkuu wa Uingereza, Harold Wilson, alikwisha kusema hadharani kwamba hatatumia jeshi. Kwangu, mambo yaliharibikia hapo. Mwasi akishajua hapigwi, anabaki kupiga hesabu ya hasara tu, na hasara ya biashara huvumilika.

Desemba vikaja vikwazo vya mafuta vya Uingereza dhidi ya Rhodesia. Smith naye akaikatia Zambia, iliyokuwa ikipitishiwa mafuta yake Rhodesia. Aliyeumia kwanza akawa jirani. Ndipo mapipa yakaanza kupakiwa bandarini Dar es Salaam na kupita hapa kwetu kwenda Tunduma, njia ndefu ya vumbi na tope, mpaka bomba la mafuta la TAZAMA lilipofunguliwa 1968. Manowari za Uingereza zililinda bandari ya Beira, Msumbiji, lakini Rhodesia ilijaziwa mafuta kupitia Afrika Kusini na Lourenço Marques (Maputo ya leo). Uchunguzi wa Bingham wa 1978, kuhusu uvunjaji wa vikwazo hivyo, ulizitaja hata kampuni za Uingereza zenyewe.

Tusiambiwe Waingereza walishindwa kufika. Januari 1964 askari wa Colito, Lugalo ya leo, walipoasi, Nyerere aliomba msaada kwa shingo upande, na makomandoo wa Uingereza wakaletwa kwa helikopta kutoka manowari Centaur. Kambi ilitulizwa asubuhi moja. Ila waasi wale, tofauti na walowezi wa Smith, hawakuwa na ndugu London.

Kwa sababu ya Rhodesia, Nyerere alivunja uhusiano na Uingereza Desemba 1965, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Wapigania uhuru wa ZANU na ZAPU, walioona mlango wa mazungumzo umefungwa, wakageukia bunduki za China na Urusi. Wapiganaji wa ZANU walifunzwa hadi Mgagao, Iringa. Uingereza ilirudi kama msuluhishi Lancaster House mwaka 1979, baada ya maelfu kufa. Katiba iliyotoka huko iliizuia serikali mpya, kwa miaka 10, kutwaa mashamba ya walowezi bila fidia kamili au ridhaa ya mwenye shamba.