Jiwe Hutangulia: Namna ya Kusimamisha Tela Mahali Penye Mteremko

Msafiri atokaye Mbinga mjini kwenda Mbamba Bay hushuka kutoka nyanda za juu za Umatengo hadi ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko mita zipatazo 475 tu juu ya usawa wa bahari. Njiani huyaona mashamba ya ngoro, yaani vile vishimo vya mraba ambavyo Wamatengo huchimba mlimani ili maji ya mvua yasiteremke na udongo. Katika nchi ya namna hii mahali tambarare ni adimu. Hata ufukoni, ambako macho hudhani kuwa ardhi imelala sawa, mara nyingi ardhi hiyo huinamia ziwani.

Miaka kadhaa iliyopita nilifika ufuko huo pamoja na wanafunzi wangu wa chuo kikuu. Gari letu lilikokota tela la kulala, yaani chumba kidogo kilichojengwa juu ya ekseli moja, chenye vitanda, jiko, jokofu la gesi na vyombo vyetu vya kupimia. Jua lilikuwa linazama nasi tulikuwa tumechoka. Niliamuru tela lifunguliwe kwenye gari kabla ya kuyazuia magurudumu yake. Tela likaanza kwenda, polepole kwanza, kisha kwa kasi, likasimamishwa na mwembe. Mwanafunzi aliyekuwa upande wa chini aliwahi kuruka kando. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akitengeneza nyavu zake karibu nasi, alikuja na mawe mawili, akayaweka nyuma ya magurudumu, akaniambia kwa upole: “Mwalimu, huku kwetu jiwe hutangulia.”

Kosa lilikuwa langu, na halikutokana na kutojua fizikia. Lilitokana na kuisahau fizikia pale ilipohitajika. Ndiyo maana naona inafaa somo hili tulipitie pamoja.

Hebu tulifikirie tela lenye masi ya kilo 1,200 likiwa juu ya mteremko unaopanda mita 1 katika kila mita 12 za njia. Uzito wake ni 1,200 × 9.8, yaani nyutoni 11,760. Sehemu ya uzito huo inayolivuta kuelekea chini ya mteremko ni moja ya kumi na mbili, yaani nyutoni 980. Hiyo ni sawa na uzito wa gunia la mahindi la kilo 100. Tela likiteremka mita 6, huwa limeshuka kwa kimo cha nusu mita. Tukiuacha msuguano nje ya hesabu, kasi yake itakuwa mita 3.1 kwa sekunde, yaani kilomita 11 kwa saa. Hiyo ni kasi ya mtu anayekimbia, lakini mtu huyo ana masi ya kilo 1,200. Asidhani yeyote kwamba atalizuia kwa mikono.

Kabari au jiwe, kinyume chake, hufanya kazi kabla mwendo haujaanza. Gurudumu haliwezi kubingirika bila kwanza kupanda juu ya kabari, na kupanda huko kunahitaji kani kubwa kuliko ile inayolivuta. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: kabari ziwekwe mbele na nyuma ya kila gurudumu, nayo breki ya tela ifungwe, kabla ya kugusa kiungo cha gari.

Msomaji huenda akauliza: tela likishazuiwa lisiondoke, kuna haja gani tena ya kulisawazisha? Je, si starehe tu ya kutaka kulala bila kuteleza kitandani? La hasha. Tulichukue jokofu la gesi au la mafuta ya taa. Jokofu hilo, lililobuniwa mwaka 1922 na Baltzar von Platen na Carl Munters wakiwa bado wanafunzi mjini Stockholm, halina pampu. Moto huitenga amonia na maji. Amonia hupoa ikawa kiowevu, hutiririka kwa uzito wake yenyewe ndani ya mabomba, hugeuka mvuke tena na kufyonza joto la chumba cha jokofu. Jokofu likiinama kupita kiasi, kiowevu hutuama mahali kisipotakiwa na mzunguko hukatika. Moto utaendelea kuwaka, lakini baridi haitakuwapo. Majokofu ya aina hiyo yalihifadhi chanjo kwa miaka mingi katika zahanati za vijijini zisizo na umeme. Huko usawa wa sakafu haukuwa jambo la starehe hata kidogo, kwa kuwa chanjo iliyopata joto hupoteza nguvu yake ya kumkinga mtoto.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Usawa una pande mbili: wa kushoto na kulia, na wa mbele na nyuma. Upande wa kushoto na kulia hushughulikiwa kwanza, tela likiwa bado limefungwa kwenye gari. Sababu ni kwamba jeki ya mbele hulipindua tela juu ya ekseli yake, kama watoto wanavyobembea juu ya gogo. Inaweza kuinua au kushusha pua ya tela, lakini haiwezi kuinua gurudumu moja peke yake.

Chukua rula ya mita 1 iliyonyooka, uilaze sakafuni kutoka kushoto kwenda kulia, na uweke pimamaji juu yake. Inua mwisho wa rula ulio upande wa chini mpaka kiputo kikae katikati, kisha pima nafasi iliyo kati ya rula na sakafu. Tuseme ni sentimita 3. Ikiwa magurudumu yameachana kwa mita 2, basi kwa kanuni ya pembetatu zinazofanana, gurudumu la chini linahitaji kuinuliwa sentimita 6. Weka ubao wa unene huo mbele ya gurudumu hilo, na dereva alivute tela polepole mpaka gurudumu lipande juu yake. Asiye na pimamaji atumie mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji bila mapovu: maji katika ncha zake mbili zilizo wazi hukaa kimo kimoja.

Baada ya hapo weka kabari, funga breki, fungua kiungo, kisha tumia jeki ya mbele kusawazisha mbele na nyuma. Sasa tela limesimama juu ya nukta tatu: magurudumu mawili na jeki. Kila mpishi anajua siri ya mafiga matatu: chungu hakitikisiki hata kama ardhi si sawa, kwa sababu nukta tatu daima hupata bapa moja. Miguu ya pembeni huteremshwa mwisho, nayo ni ya kutuliza mtikisiko tu. Anayeitumia kulinyanyua tela hupinda fremu yake, na milango hukataa kufunga.

Ufukoni, mchanga nao una madai yake. Jeki inayobeba nyutoni 1,500 juu ya kitako cha sentimita 5 kwa 5 huubana mchanga kwa kanieneo ya paskali 600,000, nayo itazama. Ukiweka chini yake ubao imara wa sentimita 30 kwa 30, kanieneo hupungua mara 36. Tena usisimamishe tela karibu mno na maji, hasa kati ya Mei na Agosti, ambapo pepo kali za kusi huvuma ziwani na kusukuma mawimbi.

Walimu wanaweza kulifanya somo hili darasani bila tela: kigari cha mbao, ubao ulioinamishwa, mizani ya springi na kabari ndogo vinatosha. Wanafunzi wapime kani inayokivuta kigari kwa miinamo mbalimbali, wailinganishe na hesabu, kisha wajaribu kabari za vimo tofauti.

Ngoro huzuia tone la maji kabla halijawa mkondo, na jiwe la yule mzee huzuia gurudumu kabla halijapata mwendo. Wakaao milimani walilitambua jambo hili zamani. Mimi nililisoma ng'ambo kwa miaka mingi, na bado ilinibidi nikumbushwe ufukoni mwa Ziwa Nyasa.